Mfumo Unaongojea Watu

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu Masika, ambayo mpaka leo ikinijia naacha ninachokifanya na kukaa chini. Haikuwa siku ya msiba, hakufa mtu. Ni siku niliyojua kwamba mimi Kahindo, niliyejiita fundi wa kompyuta wa kwanza katika Butembo nzima, nilikuwa mjinga mwenye kiburi. Nakuandikia kwa sababu jana ulinikuta na wageni, ukaniwekea ile karatasi ya wafadhili mezani, ukasema mbele ya watu, "Shangazi, siye tumebakia nyuma. Tukiacha hii système ya zamani, batatusaidia." Sikujibu, maana simgombezi mtoto wa kaka yangu mbele ya wageni. Leo wageni wameondoka, na mimi nina ya kusema.

Wewe ulizaliwa ukaikuta Meza Yetu imeshatengenezwa, kwa hiyo vumilia nikianzia mbali. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, kiuno hiki kinachonisumbua sasa kilikuwa bado kizima, na nilikuwa na karakana ndogo hapa hapa mtaani Mususa. Kazi yangu ilikuwa kufufua kompyuta za mitumba. Mimi na wenzangu wawili tulichoka kuona mtoto anakaa mbele ya mashine inayomsemesha lugha asiyoijua, halafu mwalimu anamwita mzito. Tukachukua programu huria, zile ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzifungua, kuzibadilisha na kuzigawa, tukatengeneza uso wa kompyuta kwa Kiswahili chetu na kwa Kinande: madirisha, vitufe, menyu, maonyo, kila kitu. Tukauita Meza Yetu.

Lakini uso hausimami peke yake. Chini yake lazima kuwe na msingi, yaani mfumo mzima wa Linux ambao wengine wameshaukusanya na kuupanga. Ndio unaoamsha mashine, unaosemezana na printa, unaoleta programu mpya na kuziba matundu ya zile za zamani. Na misingi hiyo ni mingi kama makanisa ya Butembo, kila mmoja na wafuasi wake na ugomvi wake. Ukichagua mmoja umechagua pia mwendo wa watu wanaoutengeneza, utatembea nao upende usipende.

Kwetu ilibaki miwili. Mmoja ulikuwa wa polepole. Toleo lake likishatoka linatulia, miaka inapita hawaligusi isipokuwa kuziba matundu. Wa pili ulikuwa wa haraka, hauna toleo, unabadilika kila siku, na chochote kipya duniani kinaingia humo kwanza. Wenzangu walitaka ule wa polepole. Mimi nilitaka wa haraka, na nilikuwa na mdomo kuliko wao wote wawili. Nikasema watoto wetu si wa kulishwa makombo. Nikasema mtu wa Butembo akinunua lori anatafuta lenye nguvu, kwa nini akichagua mfumo achague uliolala? Maneno mazuri, sivyo? Wakakubali, nikadhani nimewashinda kwa hoja.

Sasa nikuambie sababu ya kweli, ambayo sikuwaambia. Kulikuwa na cyber moja pale mjini yenye mtandao wa satelaiti. Nilikuwa nakwenda pale kuweka picha za Meza Yetu kwenye ukumbi wa mtandaoni wa mafundi wa nchi za mbali. Siku moja nikaweka picha ya Meza Yetu ikiwa juu ya ule msingi wa haraka, mtu mmoja nisiyemjua, wala sitamjua, akaandika: "Hata Kongo wanatumia mfumo wa kisasa namna hii." Wengine wakampigia makofi. Mwanangu, niliichapisha ile sentensi kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Ile "hata" niliiona ni sifa. Sikusikia tusi lililokuwa ndani yake, na ninaona haya kulisema hata leo.

Meza Yetu haikufika kwa watu kwa njia ya mtandao, maana mtandao gani? Ilifika kwa lori. Alikuwepo mzee mmoja wa Beni, Aladji Musa, msafirishaji, Mwislamu wa swala tano, mtu wa maneno machache. Mpwa wake aliyeishi Kampala alikuwa anashusha vifurushi vyote vya mfumo kwenye diski kubwa, Aladji anaifunga ndani ya kitenge, anaiweka nyuma ya kiti cha dereva, inapita mpakani Kasindi, inafika Beni. Nakala moja inabaki kwa binti yake Zaina, kisha diski inakuja kwangu Butembo. Hakunidai kitu kwa kazi hiyo. Alisema tu kwamba wajukuu wake watasoma.

Huyo Zaina alikuwa na secrétariat public pale Mulekera, huko Beni, chumba kimoja chenye mashine tatu na printa. Watu wanamletea barua, maombi ya kazi, taarifa za vikao, na wanafunzi wanamletea kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono kwenye madaftari, yeye anazichapa. Ndiye alikuwa mtu wa kwanza kabisa kuiamini Meza Yetu na kuiweka kwenye mashine zake zote tatu. Wengine walimcheka, akawaambia mashine zinazosema kama mama yake hazimtishi.

Kosa langu sasa. Mfumo wa haraka unataka uupe kila kitu kwa pamoja, vyote vya siku moja. Ukiupa nusu ya mwezi huu na nusu ya mwezi uliopita, vipande vinakataana. Mwezi ule barabara ilikuwa mbaya, diski ilichelewa wiki kadhaa. Mimi kwa haraka yangu nikaenda cyber, nikashusha vipande vichache vipya, vile vinavyopendezesha uso, nikaviweka kwenye kiflashi na kumtumia Zaina kwa mtu wa pikipiki. Nikamwambia atie diski ya baba yake, ile ya mwezi uliopita, kwanza, halafu kiflashi changu. Kwangu vilifanya kazi, maana mashine yangu ilikuwa imekula mtandao wa cyber muda mrefu. Za Zaina hazikuwa zimekula kitu. Nilidhani lori la Aladji linaweza kukimbizana na mtandao. Ni ujinga ambao fundi wa Ulaya hawezi kuufanya, kwa sababu hajawahi kungoja vifurushi vyake vivuke Kasindi.

Jumatano asubuhi Zaina akanipigia simu.

"Dada Kahindo, mashini zote tatu ziko na giza. Kuko tu maandishi meupe."

"Nisomee hayo maandishi."

"Ni ya Kizungu. Nitakusomea herufi moja-moja."

Akanisomea herufi moja moja, na mimi nikampa amri herufi moja moja, mpaka vocha zetu zote mbili zikaisha. Nikanunua nyingine kwa jirani, tukaanza tena. Kila amri ilileta maandishi meupe mengine. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini ili mtu aliye naye asisikie, "Niko na Kavugho hapa. Travail yake iko mule ndani."

Kavugho alikuwa binti wa wakulima wa Mangina, mwanafunzi wa uuguzi. Kazi yake ya kumaliza masomo Zaina alikuwa ameshaichapa yote, kurasa zote na majedwali, ilibaki kuitoa kwenye karatasi. Shule ilitaka iwekwe mezani kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asiyeweka hatetei, asiyetetea anarudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Baba yake alikuwa ameshamwambia kwamba mwaka mwingine haupo, kuna wadogo zake.

Sikia vizuri, kazi ile haikupotea. Ilikuwa mle ndani ya mashine, nzima. Ningekuwa Beni, ningefungua mashine moja, nikatoa diski yake, na kabla chai haijapoa ningekuwa nimeisoma kwenye mashine nyingine. Mais sikuwa Beni. Asubuhi ileile Butembo walitangaza ville morte, yaani mji mzima kugoma na kufungwa, siku tatu, vijana wakaweka mawe na magogo barabarani, hakuna pikipiki, hakuna gari, hakuna duka. Nilijaribu kutoka kwa miguu, kwenye kizuizi cha pili kijana mmoja akaniambia kwa heshima kabisa, "Mama, rudia ku nyumba." Nikarudi. Nilikasirika na wale vijana, nikakasirika na serikali, nikakasirika na barabara. Nilimkasirikia kila mtu isipokuwa yule aliyestahili.

Beni hapakuwa na ville morte, huko kazi ziliendelea. Zaina akatafuta fundi mji mzima. Mafundi walikuwepo, tena wazuri, lakini waliujua ule msingi wa polepole ambao wenzangu waliutaka. Huu wa kwangu hawakuwahi hata kuuona. Mmoja alikaa mbele ya mashine saa nzima, akasema anaogopa kugusa, hata kutoa diski, asije akafuta kila kitu. Nyumba nyingine za kuchapisha zilijaa, kila mwanafunzi alikuwa na Ijumaa ileile. Basi Zaina akatoa mashine yake ya zamani ya kupiga chapa, ya chuma, utepe wake umekauka, akaanza upya kutoka kwenye madaftari ya Kavugho. Alipiga tangu Jumatano jioni, Alhamisi yote, na Ijumaa asubuhi. Kavugho alikaa pembeni yake akimsomea.

Saa tano na nusu wakafika shuleni na kurasa zilizopigwa kwa wino wa kijivu. Katibu alizipokea, akazigeuza, akawaambia kanuni inasema kazi ichapwe kwa kompyuta na iambatane na CD. Akazirudisha. Zaina alibishana naye mpaka mlango ukafungwa.

Jumanne iliyofuata, ndiyo ile niliyokuambia, Aladji Musa alikuja karakanani. Siku zote akija tulikuwa na desturi yetu: namwekea kiti karibu na dirisha, nampa chai ya tangawizi, tunaulizana habari za nyumbani, ndipo anaifungua diski kutoka kwenye kitenge. Siku ile nikaweka kiti, akabaki amesimama. Nikamimina chai, hakuigusa. Mtu wa Beni mwenye adabu kama yule akikataa chai yako, umeshahukumiwa.

Akaangalia ukuta wangu, akaisoma ile karatasi. Ilikuwa Kifaransa, aliisoma polepole.

"Huyu mutu aliandika hii," akasema, "anaishi Mulekera?"

Nikasema hapana.

"Anamujua Zaina?"

Nikasema hapana.

"Sasa njo ulimutengenezea yeye?"

Nikaanza kumweleza kuhusu diski kuchelewa, kuhusu vipande, kuhusu ville morte. Akaniacha nimalize, kisha akasema maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Lori yangu ni ya zamani, batu banaicheka. Mimi naipenda juu kama inakufa pale Kasindi, kijana ya pale anaijua. Kama inakufa Oicha, kuko mutu anaijua. Mimi mwenyewe naweza kuwa nalala ku hôpital, itatembea. Weye ulituletea kintu yenye weye peke yako unajua. Ile siku barabara inafungwa, nani anatengeneza? Kahindo, hii diski hapana kupanda tena mu lori yangu. Utanipa système yenye kungojea batu, njo nitabeba."

Akaiweka diski, bado imefungwa ndani ya kitenge, juu ya kiti nilichomwekea, akaondoka. Nililia, mwanangu. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, na ilinichukua siku mbili kukubali kwamba hasira ile ilikuwa yangu juu yangu.

Kavugho alirudi Mangina akalima na baba yake. Msimu mwingine Aladji na mimi tulikwenda kumwomba mzee yule amruhusu mwanawe arudi, akaruhusu, Kavugho akatetea, leo ni muuguzi. Usije ukaniambia basi yote yaliisha vizuri. Mwaka ule wa maisha yake niliula mimi, na hauna namna ya kurudishwa. Nilimfuata shambani kabla hajarudi shule, nikamwambia hivyo kwa kinywa changu. Akanijibu, "Mama, nilisikia," akaendelea kupalilia. Hakusema amenisamehe, na alikuwa na haki ya kutosema.

Ndipo tukaingia kwenye ule msingi wa polepole. Karatasi ile ya ukutani niliichana. Nikaweka nakala ya vifurushi vyote Mususa, nyingine kwa Zaina, nyingine ndani ya lori lenyewe. Diski ikichelewa miezi mitatu, inakuta mashine zikiwa palepale, hazijaenda popote, vipande vinakubaliana. Fundi yeyote wa Beni anaweza kuzifungua bila kuniuliza. Walinicheka, unajua? Vijana wa mjini waliita Meza Yetu système ya bibi. Niliwaambia bibi yenu akiamka asubuhi anafanya kazi, nyinyi mashine yenu inaamka inaomba mise à jour, isasishwe kwanza. Kuna ofisi moja ilituletea mashine mpya kabisa, nzuri, zinazong'aa, ila kila wiki lazima ziongee na mtandao wao la sivyo zinajifunga. Nilizipakia kwenye boksi zilezile nikazirudisha, na mimi mwenyewe ndiye niliyezisindikiza mpaka mlangoni kwao. Wakasema mama huyu ana kichwa kigumu. Ndiyo, ninacho, na sijaona sababu ya kukilainisha.

Sasa karatasi yako. Nimeisoma yote, mara mbili, na miwani. Wanasema watatusaidia tukihamia msingi wao wa haraka. Wanasema mashine za zamani ziachwe, shule zitafute nyingine. Wanasema matengenezo yote yatatoka kwao kwa mtandao, "hata kwa maeneo magumu kama Beni." Umeiona hiyo "hata"? Mimi nimeiona kabla sijamaliza mstari. Maeneo magumu! Sisi hatukuomba kuhurumiwa. Tumeendesha Meza Yetu miaka yote hii, vita ikija, ugonjwa ukija, barabara ikikatwa, na hatukumwomba mtu ruhusa ya kuwasha kompyuta zetu. Mtu asiyejua jina la mtaa wako hawezi kukufundisha mwendo wa mtaa wako. Akitaka kusaidia, kuna matundu ya kuziba na maneno ya Kinande ya kutafsiri, kazi ipo, karibu. Ila msingi hatuchaguliwi.

Usifikiri ninauchukia upya. Ule wa haraka si mbaya, una watu wake, na yule wa mtandao usiokatika autumie kwa raha. Siku Beni na Butembo zitakapokuwa na mtandao usiokatika na barabara isiyofungwa, badilisheni, nami nitapiga vigelegele. Ninachokataa ni kubadilisha kwa sababu tumeona haya. Haya hiyo niliionja, najua inapompeleka mtu.

Donc, nasaha yangu ni hii, nikuambie wazi usije ukasema shangazi alizungukazunguka. Ukitaka kuchagua msingi, usianze na kuuliza una nini kipya. Anza na mtu mmoja mwenye jina, aliyekaa mbele ya mashine siku ambayo wewe huwezi kumfikia. Uliza jirani yake gani ataweza kuitengeneza. Uliza kama itamngojea. Kama hakuna jibu, huo msingi si wa kwetu hata ukifungwa na utepe wa dhahabu. Na akitokea wa kukuambia umebaki nyuma, muulize nyuma ya nani, halafu umwangalie usoni mpaka ajibu.

Jumamosi mtakutana kuipigia kura karatasi hii, wewe na wenzako mnaoitunza Meza Yetu. Najua mnaogopa kwamba mimi ndiye mwenye neno la mwisho, kwamba nikikataa hakuna kinachopita. Ni kweli ilikuwa hivyo. Leo asubuhi nimefuta jina langu kwenye orodha ya wenye funguo za Meza Yetu. Sina tena uwezo wa kuzuia chochote. Miaka yote hii nimehubiri kwamba kitu chetu lazima kisimame siku ambayo fundi wake hakufika, na huku mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa mlangoni kana kwamba sitazeeka. Kiuno changu hakinifikishi tena Beni. Basi isimame bila mimi. Mkichagua vibaya, mtachagua vibaya wenyewe, na mtakwenda wenyewe kumwambia mtu aliyeumia. Sitakuja kuwatetea.

Lakini sidhani mtachagua vibaya. Wewe una kichwa cha ukoo wetu.

Nenda, mwanangu. Bwana akupe ubishi pale wanapotaka uiname, akupe masikio pale mtu wako anapokugombeza, na kazi ya mikono yako iendelee kuwaka katika vyumba ambavyo hutafika kamwe, mbele ya watu ambao hawatalijua jina lako.